Rola umezitoa, mawimbi hayapo: kutafuta kosa liko wapi

Kuseti nywele kwa rola ni kazi ya hatua nne: unalowesha, unazungusha, unakausha, unatoa. Ndani ya hatua hizo nne mtu anaweza kupoteza jioni nzima, kisha akailaumu losheni au akazilaumu nywele zake. Msimamo wangu ni kwamba matatizo mengi ya rola ni matatizo ya maji. Ama nywele zilikuwa na maji machache ulipozizungusha, ama zilikuwa bado na maji ulipozifungua, ama maji yamezirudia kutoka hewani. Kabla hujanunua chupa nyingine dukani, yafuatilie maji kwanza.

Sababu iko ndani ya unywele wenyewe. Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini, na keratini hiyo imeshikanishwa na vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya salfa ni imara. Ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kunyoosha nywele, na ndiyo maana nywele zenye dawa hazirudii hali yake ya asili hata uzioshe vipi. Vifungo vya haidrojeni kimoja kimoja ni dhaifu, ila ni vingi mno, na maji ya bomba tu yanatosha kuvifungua. Nywele zikikauka, vifungo hivyo vinajifunga upya katika umbo lilelile zilimokaukia. Zikikaukia juu ya rola, zinalishika umbo la rola. Zikiwa zimekauka nusu, ile nusu iliyobaki inakaukia hewani ikiwa imenyooka, na inayavuta mawimbi yote chini.

Sasa tuangalie dalili.

MAWIMBI YANAFUMUKA KABLA HUJAFIKA UNAKOKWENDA

Hili ndilo lalamiko kuu, na sababu zake ni nyingi. Kwa hiyo kwanza tazama yamefumuka wapi na saa ngapi. Yakianguka palepale unapofungua rola, nywele hazijakauka au umezitoa zikiwa bado za moto. Yakilegea kisogoni tu huku ya mbele yamesimama, nyuma kulibaki maji. Kila wimbi likiwa imara kwa nje na limelala kwa ndani, mafungu yako yalikuwa manene. Yakiwa mazuri nyumbani halafu yakafumuka barabarani, ni hewa. Na kama hayakuwahi kuwa mawimbi, nywele zimepinda kidogo nchani basi, rola ni kubwa kuliko urefu wa nywele zako.

Tuanze na ukavu, maana ndio unaowaangusha wengi. Joto la draya linadanganya: nywele zikiwa na moto, mkono hausikii unyevu. Zima draya, ziache rola zilivyo, subiri dakika 10 hadi 15 zipoe, kisha fungua rola moja. Usifungue ya mbele kwa sababu iko karibu na mkono. Fungua ya chini kisogoni au ya utosini, kwenye nywele nyingi. Zigusishe shavuni. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Zungusha tena rola hiyo, rudi kwenye draya. Nywele za kufika mabegani zilizowekwa kwenye rola za wastani huchukua kama saa moja chini ya draya ya kukalia. Nywele nzito za asili zinaweza kutaka saa mbili. Bila draya kabisa, hesabu usiku mzima, na kwa mtu wa Tanga au Mombasa wakati wa masika, hata usiku mzima unaweza usitoshe.

Kule kupoa ni sehemu ya kazi. Nywele zenye joto zinapindika kirahisi, na zikifunguliwa katika hali hiyo zinanyooka kwa uzito wake zenyewe. Ukiwa na haraka, punguza idadi ya rola kuanzia mwanzo au chagua mtindo mwingine, lakini dakika za kupoa usiziguse.

Unene wa fungu una kanuni yake, nayo ni rahisi kukumbuka: upana wa fungu usizidi urefu wa rola, na unene wake usizidi kipenyo cha rola. Fungu likizidi hapo, tabaka la nje linakauka na kuyafungia maji tabaka la ndani. Anayejaza kichwa kizima kwa rola chache ili amalize mapema, dakika anazookoa kwenye kuzungusha huzilipa mara mbili kwenye draya.

Ukubwa wa rola nao unahesabika. Nywele zikiizunguka rola mara moja, unapata ncha zilizoinama ndani, hakuna zaidi. Zikizunguka mara moja na nusu, unapata wimbi. Mviringo kamili unataka mizunguko miwili na nusu. Rola yenye kipenyo cha sentimita 4 ina mzunguko wa sentimita 12 na nusu hivi, kwa hiyo inahitaji nywele za sentimita 31 ili itoe mviringo kamili. Rola ya sentimita 2 inaridhika na nywele za sentimita 16. Pima nywele zako zikiwa zimevutwa zikanyooka, hasa kama ni za asili, kwa sababu urefu unaouona kwenye kioo sio urefu unaozunguka rola. Mimi ningemshauri yeyote anayeishi pwani achukue rola ndogo kidogo kuliko umbo analolitaka, maana mawimbi yatashuka tu. Bora yashuke yakute ulipotaka yafike.

Kuna pia nywele zinazokauka kabla hazijazungushwa. Ulizilowesha zote bafuni, ukaanza mbele, ukaenda taratibu, na ulipofika kisogoni zilikuwa zimeshanyauka. Fungu kavu likizungushwa kwenye rola halina cha kujifunga upya, kwa sababu vifungo vyake vilishajifunga njiani. Weka chupa ya kupulizia karibu na kila fungu lipate maji yake kabla ya kuchanwa. Zilowe sawasawa, zisitiririke. Na feni izime mpaka umalize kuzungusha.

Mafuta ni kosa la nia njema. Ukipaka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi mengi kabla ya rola, nywele zinakuwa nzito na zinateleza. Kabla ya rola zinatosha kondishna nyepesi ya kuachwa nywelini na losheni au povu la kuseti, ambalo huacha utando mwembamba unaosaidia kushika umbo. Mafuta yangoje mpaka rola zitoke: matone machache kiganjani, sugua viganja, pitisha juu juu.

Imebaki hewa. Unyevu wa hewani ni maji yaleyale yanayovifungua vifungo vya haidrojeni, tofauti ni kwamba yanafanya kazi polepole. Huwezi kuizuia hewa ya Dar es Salaam, ila unaweza kuacha kuisaidia. Soma chupa ya losheni yako: kama gliserini iko mwanzoni mwa orodha ya viambato, hiyo inavuta unyevu kutoka hewani na kuuleta nywelini. Bidhaa za namna hiyo, zikiwemo zile za kulainishia kalikiti (nywele zilizopindwa kwa dawa), zina faida zake siku nyingine. Siku ya rola katika joto la pwani zinakuharibia kazi. Halafu usiyachanue mawimbi nyumbani. Toka nayo yakiwa yamejikunja kama yalivyotoka kwenye rola, uyafungue kwa vidole ukishafika ukumbini.

MAWIMBI YAPO NCHANI, MIZIZI IMETUTUMKA

Mwenye nywele za dawa aliyekaa miezi mitatu bila retachi, yaani bila kupaka dawa tena kwenye nywele zilizoota, analijua hili vizuri. Nywele huota zaidi kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo karibu na ngozi ya kichwa kuna sentimita tatu au nne za nywele za asili, na kutoka hapo kwenda nchani ni nywele zilizonyooshwa. Rola moja inatakiwa kuzitawala zote mbili. Nchani inaweza, lakini kwenye mizizi inashindwa kwa sababu mvuto umelegea.

Dawa yake ni mvuto ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chana fungu kuanzia kwenye ngozi hadi nchani likiwa limelowa na limelainika, lisimamishe wima kutoka kichwani, kisha zungusha bila kulegeza mpaka rola iguse ngozi, ndipo ubane. Rola ikielea hewani sentimita mbili juu ya ngozi, hizo sentimita mbili zitakauka zinavyotaka zenyewe. Ukitaka mizizi iinuke, liinamishe fungu upande wa mbele ya pale lilipoota kabla ya kuzungusha, rola ikae juu ya shina lake. Ukitaka ilale, livute kwenda chini.

Uwe mwangalifu unapochana. Pale nywele mpya zinapokutana na zenye dawa ndipo zinapokatika kirahisi, na nywele zilizolowa zinavutika zaidi kuliko kavu, kwa hiyo mtu huvuta bila kujua kwamba amezidisha. Fumua matata yote kwa kondishna na chanuo la meno mapana wakati wa kuosha, ili ukifika kwenye rola kitana kipite tu.

Ikiwa rola zimekauka na mizizi bado imefura, usirudie kichwa kizima. Paka kinga ya joto kwenye mizizi peke yake, pitisha draya ya mkono kwa moto wa wastani, au zilaze nywele kuzunguka kichwa na kuzifunga kwa kitambaa cha satini kwa nusu saa. Kufunga huko kutapunguza mawimbi kidogo, na mimi naona ni bei nzuri kuliko kuongeza moto.

Kwa nywele za asili zisizo na dawa kabisa, rola za plastiki zenye uso laini zinanyoosha na kutoa mawimbi kwa pamoja, mradi mafungu yawe madogo na maji yawe ya kutosha. Nywele zikiwa fupi mno kwa rola hizo, tumia vile vijiti vyembamba vya plastiki au rola ndefu za sponji zinazopinda. Hizo ndefu zina faida moja kubwa: mtu anaweza kuzilalia.

NCHA ZIMEKUNJANA

Nywele ni nzuri zote isipokuwa sentimita ya mwisho, iliyokunjana au kuchomoza pembeni. Ncha hazikulala bapa kwenye rola wakati wa kuanza kuzungusha. Tumia karatasi za kuseti: ikunje moja juu ya ncha zilizochanwa, iteremshe mpaka ipite ncha kidogo, kisha zungusha karatasi na nywele pamoja. Karatasi ya chooni haifai, inachanika ikilowa na kuacha vipande nywelini.

Zikiendelea kukunjana hata na karatasi, angalia kama zimepasuka. Ncha iliyopasuka haina namna ya kushika umbo. Inakatwa.

MISTARI KICHWANI NA ALAMA ZA VIBANIO

Ukiona ngozi ya kichwa katika mistari iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma, rola zilipangwa moja nyuma ya nyingine kwa mstari. Zipange kama fundi anavyopanga matofali: ya mstari wa pili ikae kati ya mbili za mstari wa kwanza, hivyo migawanyo haikutani. Mgawanyo wa mbele, ule unaotaka uonekane, uamue kabla hujaanza.

Alama ya kibanio hutokea kibanio kinapobana nywele zilizolowa juu ya rola. Kipitishe ndani ya rola kwenye mashina ya nywele, kisipite juu ya wimbi. Rola za sponji zenye mkono wa plastiki huacha alama kwa kawaida yake. Ukizitumia, weka karatasi ya kuseti chini ya huo mkono.

NYWELE ZIMETIMKA

Umbo lipo lakini kila unywele unakwenda njia yake. Mara nyingi kosa lilifanyika kwenye taulo. Kusugua nywele kwa taulo zito kunazikwaruza na kuzitibua. Zibonyeze kwa fulana ya pamba iliyozeeka mpaka ziache kutiririka. Sababu nyingine ni kuvaa draya bila wavu, upepo ukazitawanya nywele ndogo. Nyingine ni kuzigusa kabla hazijapoa. Na nyingine ni kuzichana kwa brashi baada ya kutoa rola: vidole vinatosha, na kama lazima kitana, basi chenye meno mapana, kuanzia nchani.

Hapa pia ndipo ninapokataa rola za kunasa, zile zenye manyoya magumu ya plastiki, kwa nywele zetu nyingi. Zilitengenezewa nywele zilizonyooka na zilizokaribia kukauka, ili kuziinua tu. Kwenye nywele za asili au za dawa zilizochoka zinatibua zote zinazozunguka. Ikishanasa, usivute. Lowesha pale kwa maji na kondishna, kisha toa nywele chache chache kwa mkia wa kitana ukianzia zile za juu kabisa. Hata ikichukua nusu saa, ni nafuu kuliko kukata.

ZIMEKUWA NGUMU, ZINA UNGA MWEUPE

Losheni ya kuseti iliyozidi hukauka na kuwa ganda, na ganda likivunjika linatoa unga unaofanana na mba. Nyingi huuzwa zikiwa nzito ili zichanganywe na maji, na maelekezo yameandikwa kwenye chupa. Wakati mwingine kiasi ni sahihi, ila losheni haipatani na kondishna uliyotangulia kuipaka. Jaribu kiganjani kabla ya kichwani: changanya tone la hii na tone la ile, sugua. Yakiganda kuwa chembe, usiyaweke pamoja.

Ukiwa umebadilisha kila kitu na ugumu haukwishi, yaangalie maji unayooshea. Visima vingi vya Dar es Salaam na vya pwani kwa jumla vina maji ya chumvi au maji mazito yenye chokaa. Utayajua kwa sabuni: unasugua, povu halitoki, kinatoka utelezi wa kijivu. Chokaa hiyo inabaki juu ya nywele na kuzifanya kavu na ngumu, na hakuna losheni itakayoificha. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama umeyakinga, au kwa vijiko viwili vya chakula vya siki katika lita moja ya maji, kisha maji safi. Siki inayeyusha chokaa. Kwa chumvi tiba yake ni kupata maji mengine ya kusuuzia. Ndoo moja tu inatosha.

ROLA ZINAANGUKA

Fungu limepitiliza upana wa rola, au kibanio ni kidogo. Punguza fungu.

UMEME UMEKATIKA ROLA ZIKIWA KICHWANI

Watu hukata tamaa hapa wakafungua zote. Usifungue. Kaa na wavu wako kichwani, sogea penye upepo mkavu, na umeme ukirudi endelea pale ulipoishia. Umbo halijapotea kwa sababu nywele hazijaondoka kwenye rola. Usizifunike kwa kanga nzito wala kofia ya plastiki ukidhani unazihifadhi, maana unyevu utafungiwa humo, na nywele zilizokaa mbichi chini ya kitambaa huanza kunuka. Usiku ukiingia na umeme haujarudi, toa rola ngumu, sokota mafungu mawili mawili na uyaviringishe kichwani kwa pini. Asubuhi utakuwa na mawimbi ya namna nyingine, ila utakuwa na mawimbi.

KICHWA KINAUMA, NGOZI INAWAKA

Maumivu ya rola hayavumiliwi. Rola inayouma baada ya dakika tano itolewe na izungushwe upya bila kukaza hivyo. Nywele za kuzunguka uso ndizo za kuangaliwa kuliko zote, kwa sababu ndizo zilizokwisha kuvutwa na misuko, mawigi na vibana nywele. Vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, au mashina yanayouma ukiyagusa, ni dalili kwamba zimevutwa kupita kiasi. Zikipumzishwa mapema huwa zinarudi. Zikivutwa mwaka baada ya mwaka, ngozi inafanya kovu mahali pa shina la unywele, na hapo hauoti tena. Ukiona mstari wa mbele unarudi nyuma, acha rola sehemu hiyo na umwone daktari wa ngozi.

Kuwaka kwa ngozi chini ya draya ni moto uliozidi. Shusha hadi wastani na uweke pamba juu ya masikio. Na kama dawa ya kunyoosha imekuunguza, hata kidogo, rola na draya zingoje mpaka vidonda vipone.

KESHO YAKE YAMELALA

Usiyaloweshe yote. Chagua yaliyolala tu, mara nyingi ni ya upande uliolalia, pulizia maji kidogo sana, rudisha rola za ukubwa uleule, dakika 15 hadi 20 za draya, acha zipoe. Usiku uliotangulia yakusanye utosini bila kukaza na ufunge kitambaa cha satini, kwa sababu foronya ya pamba inayasugua. Unapooga, mvuke wa maji ya moto unaweza kuharibu kazi ya saa mbili kwa dakika tano: vaa kofia ya plastiki, na ivue mara tu unapotoka bafuni, kabla kichwa hakijatoa jasho ndani yake.